UZI MAALUMU: "Au cœur du stade" ya Céline Dion – namna ya kuisikiliza, kuinakili na kukielewa Kifaransa chake

Zilipendwa_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa albamu moja tu: "Au cœur du stade" ya Céline Dion, iliyorekodiwa Stade de France, kule Saint-Denis kaskazini mwa Paris, tarehe 19 na 20 Juni 1999, ikatoka mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo. Kila usiku waliingia watu wapatao 90,000. Uwanja wenyewe ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja na nusu tangu ufunguliwe. Ni palepale Ufaransa ilipoichapa Brazil 3–0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia, Julai 1998.

Anayemjua Céline kwa wimbo wa ile filamu ya meli ("Titanic") anaweza kuiweka CD hii akadhani kauziwa sivyo. Ina namba 13, na 9 kati yake ni za Kifaransa. Ni kama sambusa: ganda la Kiingereza, nyama ya ndani Kifaransa. Inafunguliwa na "Let's Talk About Love", inafungwa na "My Heart Will Go On", na katikati Kiingereza kinachungulia mara mbili tu, "To Love You More" na "Tell Him", namba 10 na 11, zimekaa pamoja kama wageni wa meza moja.

Na hilo ganda la mbele nalo lina siri yake. "Let's Talk About Love" ni "Puisque tu pars" ya Jean-Jacques Goldman, mtunzi na mwimbaji wa Ufaransa, iliyovalishwa maneno ya Kiingereza na Bryan Adams. Kwa hiyo Wafaransa waliokuwa uwanjani walifunguliwa tamasha kwa lugha ya kigeni lakini kwa sauti ya nyumbani kwao.

Namba 2 hadi 8 zipigwe kwa mkupuo, usizikatekate. Tano zinatoka "S'il suffisait d'aimer" ya Septemba 1998 ("Dans un autre monde", "Je crois toi", "Terre", wimbo wenye jina la albamu, na "On ne change pas"), na mbili zinatoka "D'eux" ya 1995 ("Je sais pas" na "J'irai où tu iras", ambao Goldman mwenyewe anapanda jukwaani). Albamu zote mbili ni mkono wa Goldman. Alichokifanya kwa Céline kinajulikana: alimtaka apunguze, asiimbe kila mstari kama anauamsha mtaa mzima. Sasa chukua sauti iliyofundishwa kunong'ona, iweke mbele ya watu 90,000. Hapo ndipo utamu wa albamu hii ulipo. Sikiliza beti za "S'il suffisait d'aimer" uone anavyojizuia. Nguvu anaitunza mpaka mwisho kabisa.

Namba 9 nitaieleza peke yake, kwa sababu wengi huiruka kwa kuona neno "medley". Ni nyimbo tano za ala chache zilizounganishwa kuwa namba moja, na nne za kwanza zimefuata miaka: "Ce n'était qu'un rêve" (1981, ulioandikwa na yeye, mama yake na kaka yake Jacques), "D'amour ou d'amitié" (1982), "Mon ami m'a quittée" (1983), "L'amour existe encore" (1991), halafu "Ziggy", ule wa mvulana asiye kama wengine kutoka "Starmania", opera ya rock ya Michel Berger na Luc Plamondon. Ukimaliza namba hiyo umepita njia yote kutoka mtoto wa mji wa Charlemagne, Québec, kule Canada, hadi mwimbaji wa viwanja.

Mwenye swali aulize, mwenye kusahihisha asahihishe.

---

Bint_Kisauni

Asante kaka. Swali: mbona makofi ya watu kwenye hii albamu yanasikika kama mvua ya bati, hayaendi na ngoma? Kwenye albamu za ukumbini makofi yanakaa sawa. Ni kunakili vibaya au ndivyo ilivyo?

---

FundiMitambo

Dada, ndivyo ilivyo, na kosa si la CD yako.

Hewa ikiwa nyuzi 20, sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Inaonekana kasi sana mpaka uingie uwanja wa mpira. Mtu aliye mita 172 kutoka jukwaani anaisikia ngoma nusu sekunde baada ya kupigwa. Anapiga kofi akiamini yuko sawa, na kwake yuko sawa kweli. Lakini kofi lake nalo linarudi jukwaani kwa nusu sekunde nyingine. Jumla sekunde nzima. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, kwa hiyo kofi hilo limechelewa mapigo mawili kamili, na kwa bahati linaangukia tena juu ya pigo. Wimbo wa mapigo 90 una pigo moja kila sekunde 0.67, kofi hilohilo sasa linaanguka katikati ya mapigo. Zidisha kwa maelfu ya watu waliokaa umbali tofauti, unapata hiyo mvua ya bati.

Uwanjani hakuna spika za mbele pekee. Kwa kawaida husimamishwa minara ya spika katikati ya watu, na kila mnara hucheleweshwa makusudi. Mnara ulio mita 70 kutoka jukwaani hucheleweshwa kama sekunde 0.2, ili sauti yake ifike pamoja na ile inayotoka mbele. Usipofanya hivyo, mtu aliye nyuma anasikia kila neno mara mbili, na kwa Kifaransa chenye silabi fupifupi ni balaa. Tena jua likizama hewa inapoa na sauti inapungua kasi: kwenye nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde, kwenye 20 ni 343. Tofauti ndogo, lakini fundi makini huirekebisha usiku ukiendelea.

Wanamuziki wenyewe hawafuati kelele za uwanja. Wanajisikia kwa spika za miguuni au vidude vya masikioni. Ndiyo maana bendi iko imara hata umati ukipotea. Pale kuna watu waliozoeana miaka: Claude "Mégo" Lemay kwenye piano na uongozi wa bendi, Dominique Messier kwenye ngoma, Marc Langis kwenye besi, André Coutu kwenye gitaa.

Kuhusu kurekodi: katika kazi ya aina hii kila ala na kila mwimbaji hupata njia yake, halafu vipaza sauti vingine hutegwa kuelekea watu, pembeni na juu. Studioni fundi anaweza kuzisogeza njia za watu mbele kidogo ili makofi yakaribie mdundo. Akizidisha, uwanja unageuka ukumbi wa harusi. Akiacha, unapata fujo. Hapa wameacha fujo kiasi, na kwa maoni yangu wamefanya vyema, maana ukiufuta ukubwa wa mahali hakuna sababu ya kutorekodi studio.

Jaribu hivi: vaa headphone, weka "Pour que tu m'aimes encore", usimsikilize mwimbaji, sikiliza watu wanaoimba naye. Utaona wanakokota nyuma yake. Hawaimbi vibaya. Wako mbali tu.

---

Lushois_243

Bakubwa, jambo. Mimi napingana kidogo na mwenye uzi. Kwa Kifaransa kinachosikika vizuri, "Live à Paris" ya Oktoba 1996 inaishinda hii. Imerekodiwa Zénith mwaka 1995, ukumbi wa watu kama 6,000, katika ziara ya "D'eux" yenyewe. Sauti iko karibu, konsonanti zinasikika, pumzi inasikika. Na Goldman yumo kwenye nyimbo mbili: "J'irai où tu iras" na "Les derniers seront les premiers". Kuna "Vole", kuna "Prière païenne", kuna "Quand on n'a que l'amour" ya Jacques Brel. Uwanjani hivyo vyote havimo.

Ukirudi nyuma zaidi kuna "À l'Olympia" ya 1994, ukumbi wa watu kama 2,000. Hiyo ni kabla ya Goldman, kwa hiyo Kifaransa chake ni cha Plamondon na Berger, na ndani yake kuna "Calling You" kwa Kiingereza.

Asiyejua aanze wapi afanye jaribio hili. "Je sais pas", "J'irai où tu iras" na "Pour que tu m'aimes encore" zimo kwenye "Live à Paris" na "Au cœur du stade" zote mbili. Panga sita hizo kwa jozi, sawazisha sauti kwa mkono, kwa sababu inayopiga kelele zaidi daima huonekana bora, halafu sikiliza kitu kimoja tu: mwisho wa kila mstari. Zénith neno linaisha likafa hapohapo. Stade de France neno linaisha, halafu linabaki likielea.

---

Zilipendwa_Tanga

Lushois, kwa usikivu wa maneno nakupa. Kwa tamasha sikupi. Zénith unasikia mwimbaji aliye na watu. Stade unasikia watu walio na mwimbaji.

---

Mtu_wa_Takwimu

Wakuu, kwa nini albamu iwe ya Kifaransa kiasi hicho wakati tamasha lenyewe lilikuwa na vibao vingi vya Kiingereza? Video ya tamasha hilo ina Kiingereza zaidi ya CD.

---

Lushois_243

Kuna hesabu na kuna sheria. Hesabu: CD moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi, tamasha ni refu kuliko hapo, lazima kitu kikatwe. Vya Kiingereza vilishauzwa dunia nzima kwenye albamu za studio, vya Kifaransa ndivyo vyenye soko Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Québec.

Sheria: tangu Januari 1996 redio za Ufaransa zinazopiga muziki wa aina hii zilitakiwa asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa katika saa zenye wasikilizaji wengi. Albamu ya Kifaransa ya mwimbaji mkubwa kama huyu ni chakula tayari kwa redio hizo. Na wimbo uliosukumwa redioni kutoka albamu hii ni upi? "Dans un autre monde". Si ule wa meli.

---

Mwalimu_wa_Buja

Ndugu zangu, nimeona wanafunzi wengi wa Kifaransa wanapitia hapa. Albamu hii ni daftari zuri la sarufi, na anayejua Kiswahili ana faida ambayo haijui. Tusitafsiri nyimbo nzima, tuchukue majina ya nyimbo tu. Yanatosha.

"Je sais pas". Kitabuni ni "je ne sais pas". Ukanushi wa Kifaransa una vipande viwili, ne na pas, na katika mazungumzo kile cha kwanza hudondoka. Kiswahili hukanusha kichwani (sijui), Kifaransa cha mtaani kimebaki kukanusha mkiani. Sasa tazama "On ne change pas", albamu hiyohiyo: hapa ne imebaki. Kwenye wimbo, ne ni silabi, na mtunzi huweka au huondoa silabi kulingana na mdundo. "Je sais pas" ni silabi tatu. "On ne chan-ge pas" ni tano. Kwenye mtihani andika ne kila mara. Mwimbaji hasahihishwi na baraza la mitihani.

"Pour que tu m'aimes encore". Baada ya pour que Kifaransa kinataka subjonctif, na wanafunzi hulia kwa sababu aimes ya subjonctif na aimes ya kawaida zinafanana. Kiswahili kinakuonyesha waziwazi: ili *unipende*, si ili unanipenda. Kile kiishio cha -e ndicho subjonctif chenyewe. Ukitaka kukiona kwa Kifaransa badilisha kitenzi: "tu viens" lakini "pour que tu viennes". Na encore hapa ni "bado", yaani uendelee kunipenda. Mahali pengine neno hilohilo ni "tena". Ukitafsiri "ili unipende tena" umebadilisha kisa: umewaachanisha, kisha umewarudisha.

"S'il suffisait d'aimer". Hii ni -nge- yetu: laiti kupenda kungetosha. Kosa la kawaida ni kuandika *s'elle*. Neno "si" la Kifaransa (yaani "kama") hupoteza i yake mbele ya il na ils peke yake. Ukisema elle, ni "si elle".

"J'irai où tu iras". Nitakwenda utakakokwenda. Waliosoma Kiingereza kwanza hutaka kuweka kitenzi cha pili katika wakati uliopo. Kifaransa, kama Kiswahili, kinaweka wakati ujao pande zote mbili. Na angalia alama juu ya u: où ni "ambako", ou bila alama ni "au".

"Je crois toi". Huu umevunjwa makusudi. Sawa ni "je te crois", kiwakilishi kinakaa kabla ya kitenzi, kama -ku- katika na-ku-amini. Mtunzi ameandika kama mtu anayesema "naamini wewe". Sikio la Mfaransa linashtuka, na alitaka lishtuke. Usiige kwenye insha.

"Mon ami m'a quittée". Herufi e ya mwisho haisikiki kabisa lakini ina kazi: inasema aliyeachwa ni mwanamke. Kiyambwa m' (yaani anayetendewa) kimetangulia kitenzi, kwa hiyo quitté inapatana nacho. Angekuwa mwanamume ameachwa, e ingeondoka. Ukiona jina la wimbo limeandikwa bila e hiyo kwenye orodha za mtandaoni, aliyeliandika amemgeuza mwimbaji kuwa mwanamume.

Matamshi, kwa ufupi. U ya "tu": midomo weka kama unasema u, ulimi weka kama unasema i, usibadilishe chochote, toa sauti. Irabu za puani (on, an, in): hiyo n haitamkwi, ni alama tu ya kwamba hewa ipite puani. Wazungumzaji wa Kiswahili hupenda kumalizia kwa n kamili, na hapo ndipo lafudhi inapotambulika. Halafu e ya mwisho isiyosikika katika mazungumzo mara nyingi huimbwa: "encore" inaweza kuwa silabi tatu kwenye wimbo. Usipolijua hilo maneno yanakuishia kabla ya muziki.

Jambo moja zaidi. Anapoimba, lafudhi yake ni ya Kifaransa cha kimataifa. Lafudhi ya Québec itafute anapozungumza na watu kati ya nyimbo. Huko kwao t na d zikikutana na i au u hupata msuguano, "tu dis" huelekea "tsu dzi". Ametumia miaka kuilainisha akiwa Ufaransa, kwa hiyo sikiliza kwa makini.

---

Bint_Kisauni

Mwalimu, hiyo ya -ku- na te imeniingia. Na jina la albamu lenyewe?

---

Mwalimu_wa_Buja

"Cœur" ni moyo, lakini "au cœur de" ni katikati ya, kwenye kitovu cha. Kwa hiyo ni "Kitovuni mwa uwanja" na "Moyoni mwa uwanja" kwa pamoja. Hata "D'eux" ni mchezo wa aina hiyo: ukiisikia ni "wawili", ukiisoma ni "wao, kutoka kwao". Kiswahili hakina namna ya kubeba vyote viwili kwa neno moja. Tuache.

---

Kayamba

Swali la kifundi. Nikiipiga kwenye simu, kati ya wimbo na wimbo makofi yanakatika kama mtu amezima swichi, halafu yanarudi. Nakereka. Dawa?

---

FundiMitambo

Ugonjwa huo unazipata albamu zote za jukwaani, na chanzo si kimoja.

Kwenye CD hakuna ukimya kati ya namba. Makofi yanaendelea, na alama ya "wimbo mpya" imewekwa juu yake tu. Lakini MP3 haihifadhi sauti mfululizo. Inaikata vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,152, karibu sekunde 0.026 kila kimoja. Wimbo usipoisha sawasawa mwisho wa kipande, programu hujaza nafasi kwa ukimya, na mwanzoni pia huongeza ukimya kidogo. Kwenye albamu ya studio huoni kitu kwa sababu wimbo umeshafifia. Kwenye makofi ya watu 90,000 sikio linakamata hapohapo.

Kama unanakili kutoka CD yako, tumia FLAC, aina ya faili inayofinya sauti bila kupoteza kitu. Haina tatizo hilo. Exact Audio Copy au fre:ac zinafanya kazi bila malipo kwenye kompyuta. Chagua usomaji wa uhakika, si wa haraka, na usiwashe ile ya kufuta ukimya mwanzoni na mwishoni mwa nyimbo. Kama simu ina nafasi ndogo na lazima iwe MP3, tumia LAME, programu ya kutengeneza MP3, kwa sababu yenyewe huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kuruka, na kicheza muziki kinachoelewa kitaziruka. Ikishindikana kabisa, nakili CD nzima kama faili moja refu lenye faili dogo la cue la kuonyesha nyimbo zinapoanzia. Hapo hakuna cha kukatika.

Ukubwa: CD ghafi ni kama MB 10 kwa dakika. FLAC hupunguza mpaka kama MB 6 au 7. Umati ukipiga kelele haipunguzi kiasi hicho, kwa sababu kelele hazifinyiki. MP3 ya kbps 320 ni MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni kama MB 144. Wanaosikiliza mtandaoni kwa bando wafanye hesabu hiyohiyo.

Kama unasikiliza kwa programu ya mtandaoni, ingia kwenye mipangilio: washa uchezaji bila pengo, na ule uchanganyaji wa mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine uweke sekunde 0. Watu huuwasha kwa ajili ya sherehe wakasahau, halafu wanalaumu albamu. Na zima kuchanganya nyimbo ovyo. Medley ya namba 9 ikitanguliwa na "My Heart Will Go On" ni sawa na kula pilau baada ya kunawa.

Mwisho, ile herufi œ. Redio nyingi za magari za zamani hazina herufi hiyo, zitaonyesha alama za ajabu au zitaruka faili. Badilisha jina liwe "Au coeur du stade" kwa herufi mbili, o na e. Ondoa pia è, ê na ù kama redio bado inagoma.

---

Kayamba

Ilikuwa hiyo ya kuchanganya mwisho na mwanzo. Ilikuwa imewekwa sekunde 6. Asante mkuu.

---

Duka_la_Sahani

Kwa wanaotaka kununua CD yenyewe ya zamani, geuza upande wa chini kabla hujatoa hela. CD ya kiwandani ni ya fedha, inang'aa kama kioo. Ikiwa ina rangi ya kijani, buluu au zambarau, hiyo imechomwa kwenye kompyuta hata kama jalada ni zuri namna gani.

Kisha tazama ule mduara wa ndani karibu na tundu. Ya kiwandani huwa na namba ya kiwanda iliyochorwa, na CD za miaka hiyo aghalabu zina alama ndogo ya IFPI (shirikisho la kampuni za muziki duniani) ikifuatiwa na herufi na tarakimu, mara nyingi mbili: moja kwenye mduara unaong'aa, nyingine kwenye plastiki tupu. Ishike mwangani ukiielekeza kwenye taa: ukiona mwanga unapenya kwa nukta nukta, tabaka la aluminiamu limeanza kutoboka kutokea juu, upande wa maandishi. Huo ndio upande dhaifu, si ule wa chini ambao watu huufuta kila siku. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa, wa juu hauponi. Ukiifuta, futa kutoka tunduni kwenda ukingoni, usizungushe.

Video: zipo kanda za VHS na DVD. DVD za Ulaya ni eneo la 2, na sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na sisi, ni eneo la 5. Deki iliyofungwa kwa eneo 5 itaikataa. Uliza kama deki yako inasoma maeneo yote kabla ya kuagiza.

---

Mtu_wa_Takwimu

Kuna mtu kwingine ameandika kwamba baada ya Stade de France alistaafu. Kweli?

---

Zilipendwa_Tanga

Hapana. Alipumzika tu. Tamasha lake la mwisho kabla ya mapumziko lilikuwa Montréal, usiku wa 31 Desemba 1999, miezi sita baada ya hapa. Alirudi, na mwaka 2003 akaja na "1 fille & 4 types", tena na Goldman.

---

Bint_Kisauni

La mwisho kutoka kwangu. Kwaya inataka kuimba "S'il suffisait d'aimer" kwenye harusi, sauti nne, mwimbaji mkuu ni alto. Tufuate ya uwanjani au ya studio?

---

FundiMitambo

Fuateni mpangilio wa studio kujifunza, ndio wenye mapigo yasiyoyumba. Shusheni nusu toni mbili hadi nne, na mpime kwa kiitikio cha mwisho, si kwa ubeti wa kwanza: alto akianza vizuri chini halafu akabanwa juu dakika ya tatu, hamna pa kwenda. Mkishusha sana ubeti unazama kwenye mnong'ono usiosikika ukumbini, kwa hiyo mpeni kipaza sauti chake peke yake, karibu na mdomo, na besi ya mashine ipunguzwe kidogo. Kwaya isiingie kabla ya kiitikio cha pili.

---

Mwalimu_wa_Buja

Na waambie "suffisait" huisha kama "ze" ya Kiswahili, ila mdomo ufunguke zaidi. Wasiseme "safi-saiti". Nimeshalisikia neno hilo mara nyingi mno makanisani.